Nilimnunulia mzee wangu asiyeona simu isiyo na vitufe. Najuta.

Wakuu, salaam kwenu nyote popote mlipo.

Leo sikuja kuuliza ninunue simu gani. Nimekuja na jambo lililotupata nyumbani, na nitalieleza lilivyo, silitii chumvi. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, maana wahusika wana jamaa zao humu.

Uzi una urefu kidogo. Mwenye kazi afanye kwanza, atanikuta.

Mimi ni mtu wa Kinondo, hapa chini ya Diani. Kazi yangu iko hotelini, upande wa maintenance: AC, pampu za swimming pool, taa, na lolote linaloharibika mgeni akiwa analalamika. Kwa hiyo pale kwetu mimi ndiye fundi wa ukoo mzima. Simu ya shangazi ikigoma, inaletwa kwangu. TV ya jirani ikipoteza picha, naitwa mimi.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Si kwamba sikujua vifaa. Nilivijua.

Mzee wangu, tumwite Mzee Bakari, haoni. Hakuzaliwa hivyo. Ilikuwa presha ya macho, ikaanza pembeni pembeni, yeye akidhani ni uzee. Tulipofika kwa daktari tukaambiwa kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku hizi hata mwangaza haupati. Jua analijua kwa joto lake mgongoni.

Lakini msimwonee huruma haraka. Mzee wangu anakaa barazani anasokota kamba za makumbi ya nazi, na kamba zake wanazitaka mpaka watu wa hoteli kwa mapambo. Mbele yake ana bakuli la maji, anachovya vidole, anasokota, anachovya, anasokota. Redio iko kulia, chai iko kushoto, simu iko mfuko wa shati.

Hiyo simu ya zamani ndiyo niwaeleze.

Ilikuwa smartphone ya kawaida, ya miaka ya nyuma, yenye vitufe vya kweli. Pembeni cha kuongeza na kupunguza sauti, upande wa pili cha kuzimia, na kimoja kikubwa chini ya kioo. Niliiwekea ile sauti inayosoma, kwa hiyo mtu akipiga, simu inalitaja jina lake. Halafu nikaingia kwenye settings, nikaiambia: kitufe cha kuongeza sauti kipokee, cha kuzimia kikate.

Wengi hamjui kama hiyo setting ipo. Ipo, na kwa mtu asiyeona ni neema.

Mzee alikuwa hata haitoi simu mfukoni yote. Ikiita anatia kidole juu ya shati, anakikuta kitufe, kinalia tk, anaiinua. "Halo, asalaam aleikum." Akimaliza, tk upande wa pili. Mama alikuwa akisema baba yenu haoni chakula kilicho mbele yake lakini simu yake anaiona.

Sasa kuna mtu wa pili katika habari hii. Naye tumwite Ami Rashidi.

Ami Rashidi na baba walisoma chuo kimoja cha Qur'ani, kwa mwalimu mmoja, wakachapwa kwa kiboko kimoja. Shamba lake lilikuwa baina ya kwetu na bahari. Njia ya kwenda pwani ilipita kwake, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa wala kuulizwa.

Kisha akaliuza shamba. Kila mtu huku anauza, sitamlaumu. Aliyenunua akajenga ukuta mrefu mpaka juu.

Wakati ule macho ya mzee ndiyo yalikuwa yanaishia ishia. Njia ile alikuwa akiijua kwa nyayo: mahali pa mchanga, mahali pa mizizi, mahali pa kuinama. Siku aliyoenda akagonga ukuta kwa uso, alirudi nyumbani hasemi na mtu. Ijumaa akamwambia Ami Rashidi maneno mazito nje ya msikiti, watu wakisikia. Sitayaandika hapa.

Ami Rashidi akavaa viatu, akaenda zake. Baadaye akahama, akaenda kukaa Kibuyuni kwa binti yake, Mwanasha, ambaye analima mwani kule.

Miaka ikapita, hasira ikapoa, kikabaki kiburi tu. Mimi ndiye niliyekutana na Mwanasha Msambweni siku moja, tukapeana namba zetu, nikampa ya mzee, nikachukua ya baba yake, nikaiingiza kwenye simu ya mzee kwa jina la "Rashidi Kibuyuni". Nikamwambia mzee, namba hiyo, mpigie.

Akasema, "Yeye akinipigia, nitapokea. Lakini mimi sipigi wa kwanza. Aliyezibiwa njia ni mimi."

Nikacheka. Nikajua mlango uko wazi, ni nani tu ataanza kuusukuma.

Basi ile simu betri ikavimba. Ikainua mfuniko wa nyuma kama mkate. Nikaipeleka Ukunda, fundi akasema betri ya namna ile haiuzwi tena, na akaniambia nisimwachie mzee, inaweza kupasuka. Nikamwachia yeye avue spea.

Hapo ndipo nilipofanya niliyoyafanya, na wallahi nilifanya kwa mapenzi.

Nilitaka mzee apate kitu kizuri. Si kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha tochi, si simu ya kumwambia mtu "wewe umekwisha". Nikaingia dukani, nikaiona moja, imetumika lakini safi, kioo mpaka pembeni. Haina kitufe hata kimoja. Mbavuni ni laini tupu, kama kigae. Kuna sehemu za kugusa: ukigusa juu ni sauti, ukigusa katikati ni kuwasha, na kila ukigusa inatetemeka kidogo chini ya kidole ili udhani umebonyeza kitu. Jina la kampuni silitaji, maana hata wengine wanatengeneza hivyo.

Nikaicheza pale dukani. Tamu! Nikaona hii ndiyo.

Nyumbani nikaiset kama ile ya kwanza. Kugusa mara moja sehemu ya juu, inapokea. Kuibana mbavu zote mbili kwa pamoja, inakata. Nikakaa na mzee barazani, nampigia, anapokea, nampigia, anapokea. Mara nyingine inakataa, namshika kidole nampeleka. "Hapa, baba. Si hapo, hapa."

Mama alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akasema, "Sasa hapo na hapo vina tofauti gani kwa mtu asiyeona?"

Nikamjibu kwamba atazoea.

Na mzee mwenyewe akasema, "Nitaizoea, mwanangu. Ahsante sana." Sasa najua alisema vile kwa sababu nimemletea mimi.

Niwape kitu ambacho sikukifikiri mpaka baadaye.

Kitufe cha kweli unakitafuta kwanza, ndipo unakibonyeza. Kidole kinapita, kinapapasa, kinakuta uvimbe, kinatulia, kisha ndiyo kinaamua. Katika simu ya kugusa, kutafuta na kubonyeza ni kitu kimoja. Mtu asiyeona anapapasa mbavu za simu akitafuta pa kupokelea, na simu yenyewe inahesabu kila mpapaso kuwa amri.

Halafu kile kitetemo chake. Simu inapoita inatetemeka yote. Sasa kitetemo kidogo cha "umebonyeza" utakisikia wapi?

Na vidole vya mzee ni vya makumbi. Vikiwa vikavu vimekomaa kama gome, simu haivijui kama ni vya binadamu. Vikiwa na maji, inahisi imeguswa kila mahali.

Haya. Siku yenyewe.

Mimi nilikuwa shift ya mchana. Mama alikuwa harusini Ukunda. Mzee yuko barazani peke yake na kamba zake, mikono imelowa.

Niliporudi magharibi nilimkuta amekaa vilevile lakini hasokoti. Simu ameishika mapajani kwa mikono miwili. Hata shikamoo yangu alichelewa kuijibu.

"Rashidi amepiga," akasema.

Nikafurahi, nikamwambia, "Alhamdulillahi! Mmezungumza?"

"Inataja jina. Inaita. Natafuta pale uliponionyesha, inanyamaza. Nangoja, anapiga tena, inanyamaza. Labda mtandao wa Kibuyuni, au yeye anakata." Akanipa simu. "Hebu mpigie."

Nikafungua nione. Wakuu, jina la Ami Rashidi lilikuwa limejipanga pale, moja chini ya lingine, na kila moja limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba simu imekataliwa.

Si kwamba haikupokewa. Imekataliwa. Mzee alipokuwa akiipapasa kwa mikono ya maji, amekuwa akiibana, na kila akiibana inakata. Kule upande wa pili mtu anasikia inaita mara mbili, inakatwa.

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, vilevile.

Sikumwambia mzee nilichokiona. Niliona nimtie jakamoyo la nini, na asubuhi si wataongea? Nikamwambia, "Ni mtandao, baba. Kesho tutampata."

Akaitikia. Akaniomba nimwachie simu, alale nayo karibu.

Kesho yake kabla sijatoka kwenda kazini simu iliita, lakini ni yangu mimi. Alikuwa Mwanasha.

"Baba ametutoka," akasema. "Tunazika baada ya adhuhuri."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mliokulia huku mnajua, maziko yetu hayangoji. Nikaomba ruhusa kazini, jirani akatupa gari lake, nikamvisha mzee kanzu. Njia nzima hakusema ila neno moja, tulipopita Msambweni. Aliuliza, "Alikuwa mgonjwa?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua.

Sala ya jeneza tuliiwahi. Kaburini nikamshika mkono, akainama, akatia udongo wake. Watu wa Kibuyuni walimpisha vizuri sana, ingawa wengi hawamjui. Aliuliza kichwa kiko upande gani, akasimama akielekea hapo, midomo ikienda.

Shida ilikuja tuliporudi nyumbani kwa wafiwa.

Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka na wazee wengine. Mwanasha akatoka ndani, macho yamevimba, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mzee wangu, akapiga magoti.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Mungu awape subira."

"Amin." Kisha nikaona anajizuia, na akashindwa. "Ami, nina neno, na uniwie radhi kama nakosa adabu. Jana baba alikupigia. Alikuwa hana nguvu, mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni. Alitaka muombane radhi. Ikaita, ikakatwa. Akasema piga tena, ikakatwa tena. Mwisho akasema, 'Basi, mwache. Bakari bado hajanisamehe.' Akanipa simu nikaizima, maana hakutaka tena kuongea na mtu. Ami, ulikuwa na kinyongo gani naye, hata katika hali ile?"

Wazee wote wakainamisha vichwa.

Mzee wangu akasema, "Ikakatwa na nani?"

Mzee akanigeuzia uso. Hanioni, lakini alinigeuzia uso mimi.

"Ni simu, baba," nikasema. "Vile ulivyokuwa ukiishika. Ukiibana inakata. Hukujua."

"Wewe ulijua?"

"Niliona jana, niliporudi."

Hakunigombeza. Nasema kweli, afadhali angenigombeza.

Akamgeukia Mwanasha, akamwambia, "Simu ya babako iko wapi? Ilete. Nipigie sasa hivi, ushuhudie mwenyewe. Hii simu mimi siiwezi, inanikatia. Nipigie usikie."

Nilitaka kumzuia. Nilijua hiyo simu haina mpango, saa inakataa, saa inakubali. Lakini nani angemzuia mzee yule wakati ule?

Mwanasha akaingia ndani, akarudi na simu ya marehemu. Akapiga.

Simu ya mzee ikatetemeka mkononi, na ile sauti yake isiyo na uso ikatangaza pale mkekani, mbele ya watu waliotoka kumzika mtu huyo: "Rashidi Kibuyuni. Rashidi Kibuyuni."

Mwanamke mmoja ndani akapiga ukelele.

Mzee akapeleka kidole mbavuni mwa simu, polepole, kama alivyofanya jana. Akagusa.

Ikapokea.

Mguso wa kwanza kabisa. Mikono ilikuwa imekauka, kidole kikaangukia mahali pake, ikapokea bila taabu yoyote. Nikaona zile sekunde zinaanza kuhesabu kwenye kioo.

Mwanasha alikuwa ameweka simu ya baba yake sikioni. Uso wake ukafungika. Akasema taratibu, si kwa ukali, "Kumbe inapokea."

Mimi nilitaka kusema. Nilitaka kumweleza habari za maji na vidole na settings, na kila neno lililonijia lilikuwa ni neno la fundi. Sikulisema.

Mzee wangu alikaa na ile simu mkononi. Kisha akaiinua akaiweka sikioni, na akaanza kusema. Hakumwambia Mwanasha. Alisema na simu.

"Rashidi, ni mimi Bakari. Asalaam aleikum. Jana sikukata. Nilikuwa nakutafuta, sikukupata. Lile la njia nimekusamehe, zamani sana nimekusamehe, kiburi tu ndicho kilichonifunga mdomo. Na yale niliyokwambia msikitini, nisamehe. Mbele ya watu nilikwambia, na mbele ya watu nakuomba radhi. Mungu akulaze pema."

Akabaki na simu sikioni, kama anayengoja kujibiwa.

Mwanasha hakukata. Alisikiliza mpaka mwisho, ile simu ingali sikioni mwake, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akaishika mikono ya mzee, ile yenye simu na ile isiyo na simu.

"Nimesikia, ami," akasema.

Hakusema nimeamini. Alisema nimesikia. Mpaka leo sijui katika moyo wake aliamini nini, na sina uso wa kumuuliza. Anatupigia, anatuuliza hali, Ramadhani alituletea samaki. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameshika simu sikioni kwa baba yake, na alichokisikia jana yake alikisikia.

Na Ami Rashidi ndiye aliyeondoka akijua hajasamehewa. Hilo hakuna wa kulirekebisha.

Wakuu, sitaki kusikika kama mtu anayechukia maendeleo. Mimi mwenyewe natumia simu ya kugusa na inanitosha. Lakini mimi nina macho. Ninapotazama kioo, ninasahihisha kila kosa la kidole kabla halijawa kosa. Ukiyaondoa macho, ile simu nzuri ni kigae kinachotetemeka.

Wale wanaotengeneza hizi simu wanatuambia kitufe ni kitu cha zamani, kinaingiza vumbi, kinaingiza maji, kinaharibika. Sawa, kinaharibika. Lakini hakijawahi kumfanyia mtu jambo asilolitaka akiwa anakitafuta.

Kosa langu mimi lilikuwa kumjaribia mzee simu kwa macho yangu. Kama ningefumba macho dakika moja pale dukani, nikalowesha mikono, nikamwambia muuzaji nipigie, ningeirudisha palepale juu ya kioo cha duka.

Baada ya arobaini niliizunguka Ukunda nzima, nikaenda mpaka Likoni, nikapata simu ya namna ile ya zamani, imechakaa lakini vitufe vinabonyea vizuri. Nikaiset yote. Nikamkabidhi barazani.

Aliipitisha kidole mbavuni. Akabonyeza, akaachia. Nikampigia nikiwa nimekaa hapo hapo, akaipokea haraka, hata jina halijaisha kutajwa.

"Vipi, baba?" nikamuuliza.

"Simu ni nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini niliyekuwa nikimngoja anipigie, ashanipigia."

Akaitia mfukoni, akarudisha vidole kwenye bakuli la maji.

Basi wakuu, ndiyo hayo. Kama una mzee asiyeona, au mwenye mikono ya kazi, au inayotetemeka, na uko mbioni kumnunulia simu mpya, fumba macho kwanza uipokee wewe. Na kama kuna mtu unamngoja akupigie wa kwanza, mpigie leo.

Wenye wazazi wa hali hii, mnatumia simu gani, na mmeziset vipi? Andikeni hapa chini. Hata wa kunilaumu aseme, nitasoma.